Ziara ya Watoto Wadogo Ianzie Mlangoni pa Shule

Kila mwaka, wanachuo wetu warejeapo kutoka mafunzo ya ualimu kwa vitendo, mimi husoma maandalio yao ya masomo. Katika sehemu ya zana za kufundishia hukuta chati, kadi za silabi, vizibo vya chupa na vijiti vya kuhesabia. Ni nadra sana kukuta neno "mto", "msitu" au "mfongo". Niulizapo sababu, jibu huwa ni lile lile: "Mwalimu, shule haikuwa na fedha za ziara." Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Maoni yangu ni kwamba ziara ya watoto wa Darasa la Awali, la Kwanza na la Pili haihitaji gari wala mchango wa mzazi. Yahitaji miguu, maandalizi na swali jema. Tena nasema kwamba ziara yoyote inayomwacha mtoto shuleni kwa sababu mzazi wake hana fedha si somo, bali ni karamu ya wachache.

Siandiki haya ili kuwalaumu wengine, kwani kosa hilo nimelitenda mwenyewe. Nilipoanza kazi nilifundisha Darasa la Pili katika shule moja ya msingi iliyo juu kidogo ya mji wa Moshi. Tulipanga kuwapeleka watoto kuona maporomoko ya maji huko mlimani, na kila mzazi akatakiwa kutoa shilingi elfu tano za gari. Darasa lilikuwa na watoto 84. Waliolipa ni 31. Asubuhi ya safari nilisimama mlangoni pa gari na orodha mkononi, nikiita majina ya waliolipa. Waliosalia waliachiwa kazi ya kunakili ubaoni.

Siku iliyofuata niliwataka watoto wote wachore ziara yetu, nikiwa nimesahau kabisa kwamba wengi wao hawakwenda. Mvulana mmoja aliniletea picha ya gari likionekana kwa nyuma, likienda zake. Hakuwa amekosea. Hiyo ndiyo ziara aliyoiona yeye.

Wiki mbili baadaye niliwatoa watoto wote, kwa makundi, tukaenda kwa miguu hadi kwenye mfongo upitao nyuma ya shule. Niliuliza swali moja tu: "Maji haya yanatoka wapi, na yanakwenda kwa nani?" Yule mvulana ndiye aliyejibu. Alitueleza jinsi maji yanavyofunguliwa, siku ya zamu ya bibi yake, na watu wanavyotoka kwa pamoja kuuzibua mfongo unapoziba. Wenzake waliopanda gari walinyamaza wakimsikiliza. Mimi pia nilisikiliza, maana mambo mengine sikuyajua.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, tafakari tofauti ya siku hizo mbili. Katika ziara ya kwanza mtoto maskini alikosa hata nafasi ya kutazama. Katika ya pili alikuwa mjuzi miongoni mwa wenzake. Mazingira ya karibu yana sifa hiyo, kwamba ujuzi wake haununuliwi, na aghalabu mtoto asiye na viatu ndiye aliye nao kwa wingi.

Yafaa pia tukumbuke thamani ya kuona kwa macho. Historia ya mlima wetu yatupa mfano. Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika habari zake. Huko London mwanajiografia W. D. Cooley, aliyekuwa na vitabu na ramani tele lakini hajapata kufika Afrika Mashariki, alizipinga habari hizo na kuendelea kubisha kwa miaka mingi. Wachagga walioishi chini ya mlima hawakuwa na haja ya ubishi huo. Kila alfajiri isiyo na mawingu waliiona Kibo ikimeta. Basi mtoto asomaye juu ya msitu kitabuni tu, hali msitu uko karibu naye, tunamlea awe Cooley mdogo.

Je, twende wapi? Kwa shule zilizo mlimani, kihamba cha jirani chatosha kwa masomo mengi. Humo mna migomba, mibuni, mringaringa wa kivuli, na masale yaliyopandwa mpakani. Mtoto ajifunze kwa nini mibuni hupandwa chini ya kivuli, na kwa nini sale haling'olewi ovyo. Mfongo nao ni chuo kamili: maji huchukuliwa juu kabisa kwenye korongo, yakaongozwa kwa mteremko hadi mashambani. Kazi hiyo wazee wetu waliifanya kabla ya utawala wa kikoloni.

Kwa shule za mjini upo Msitu wa Rau, ambao una mivule mikubwa na mbega, na kando yake kuna mashamba ya mpunga. Kipo pia kituo cha reli. Njia ya reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Na kama hata huko ni mbali, upo uwanja wa shule. Asubuhi moja mbele ya Kibo, kabla mawingu hayajaifunika, yatosha kwa somo la hali ya hewa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: safari za mbali nazo zina faida. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, na maporomoko ya Kinukamori huko Marangu ni fahari yetu, na ni vema kila mtoto ayaone kabla hajamaliza shule. Lakini hizo ni safari za madarasa ya juu, ama za familia siku ya mapumziko. Mzazi mwenye uwezo ampeleke mwanawe hata kwenye chemchemi za Chemka wilayani Hai, akamweleze kwamba maji yake si ya moto ijapokuwa jina laelekea kusema hivyo. Mtoto aliyezoezwa kuuliza maswali kwenye mfongo wa nyuma ya shule atauliza huko pia, na mzazi atalazimika kujibu.

Wapo wasemao kwamba muda hautoshi, kwa kuwa madarasa haya mawili yamewekewa mkazo wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hoja hii haina nguvu. Mtoto ahesabu mikungu ya ndizi, asome bango la njiani, kisha arudi aandike sentensi mbili juu ya alichokiona. Hizo zote ni KKK, tena zenye maana kwake.

Wapo pia wasemao kwamba watoto ni wengi mno, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016. Hoja hii ni ya kweli. Hata hivyo, dawa yake si kubaki ndani, bali kuligawa darasa, kundi moja litoke leo na jingine kesho, na kuwaomba wazazi wawili au watatu watusindikize. Bibi ajuaye majina ya miti ni mwalimu msaidizi bora kuliko chati yoyote.

Hoja ya tatu ni usalama, nayo haina mzaha. Maji hayana mwalimu wala mwanafunzi. Kwa hiyo pata kibali cha Mwalimu Mkuu na uwaarifu wazazi. Tangulia wewe mwenyewe siku moja kabla, uipite njia yote, uone penye utelezi na penye kina. Wahesabu watoto mnapoondoka, mnapofika, mnapotoka na mnaporejea. Kwenye korongo mtoto asikaribie ukingo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ahirisha safari za mitoni, ukatumie kihamba au uwanja.

Na swali liwe moja, si kumi. Mwalimu apigaye kelele njia nzima, "Tazameni hiki! Tazameni kile!", hurudi na watoto waliochoka wasiokumbuka kitu. Uliza, kisha nyamaza, uwape muda wa kutazama.

Muhula ujao mtakwenda tena shuleni kwa mafunzo kwa vitendo. Nawaomba kila mmoja wenu, katika juma la kwanza, aizunguke shule yake kwa miguu kwa muda wa nusu saa, aandike vitu vitano ambavyo mtoto wa Darasa la Kwanza anaweza kujifunza humo. Kisha achague kimoja, akifanyie andalio la somo, na atoke na darasa zima. Nitakapokuja kuwakagua sitauliza mmefika mbali kiasi gani. Nitauliza ni mtoto gani aliyeachwa.