Hifadhi za bure mtandaoni: Nani ameshika ufunguo wa kazi za wabunifu wa michezo?

Na Mwandishi Wetu

JANUARI 19, mwaka 2012, watumiaji wa tovuti ya Megaupload duniani kote walikuta nembo za vyombo vya dola vya Marekani mahali zilipokuwa faili zao. Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilikuwa imeifunga hifadhi hiyo kwa madai ya kuendesha uharamia wa filamu, muziki na programu, na mwanzilishi wake, Kim Dotcom, akatiwa mbaroni nyumbani kwake karibu na jiji la Auckland, New Zealand.

Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, hifadhi hiyo ilijinadi kuwa na zaidi ya watumiaji milioni 150 waliojiandikisha na wageni milioni 50 kwa siku. Miongoni mwao walikuwamo wezi wa kazi za watu, lakini walikuwamo pia watu wasio na kosa lolote. Mfanyabiashara mmoja wa jimbo la Ohio, aliyekuwa akirekodi michezo ya shule za sekondari, alilazimika kwenda mahakamani kuomba arudishiwe video zake. Mwaka 2013 ilifahamika kuwa kampuni ya Leaseweb ya Uholanzi ilikwishafuta seva 630 zilizokuwa zikitumiwa na Megaupload, ikieleza kuwa kwa mwaka mzima hakuna aliyeonyesha kuzihitaji.

Sasa ni zaidi ya miaka kumi tangu sakata hilo litokee, lakini somo lake bado linawahusu kwa karibu vijana ambao habari zao ni nadra kuandikwa magazetini. Hao ni watengenezaji wa nyongeza za michezo ya kompyuta na simu, ambazo wenyewe huziita modi.

Modi ni faili anayoitengeneza mchezaji ili kuubadili mchezo uliotolewa na kampuni: gari jipya, ramani mpya, jezi za msimu huu, au hata mchezo mzima ndani ya mchezo mwingine. Si jambo la mzaha. Counter-Strike, mmoja wa michezo inayochezwa zaidi duniani, ulianza mwaka 1999 kama modi ya mchezo wa Half-Life, kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, kabla ya kampuni ya Valve kuununua na kuwaajiri.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu ni Bus Simulator Indonesia, mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya Indonesia. Kwa kuwa mchezo huo humruhusu mchezaji kuingiza magari na rangi alizozitengeneza mwenyewe, vijana wameyavisha mabasi yake rangi za mabasi yanayoonekana katika barabara za Tanzania na Kenya. Kazi ya namna hiyo huchukua usiku mwingi. Ikishakamilika, huja swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka mno: faili hii iwekwe wapi ili wenzangu waipate?

Kawaida kijana hutazama mambo mawili tu, kwamba hifadhi ni ya bure na kwamba ina nafasi kubwa. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bila malipo, OneDrive ya Microsoft gigabaiti 5 na Dropbox gigabaiti 2. Kwa tarakimu hizo mshindi anajulikana mapema. Lakini tarakimu hizo hueleza ukubwa wa ghala tu. Hazisemi mlango wa ghala utafunguliwa kwa watu wangapi, kwa muda gani, na nani atakuwa na mamlaka ya kuufunga.

Tuchukue mfano wa hesabu ndogo. Modi yenye megabaiti 500 ikipakuliwa na watu 10,000, data iliyotoka kwenye seva ni gigabaiti 5,000. Kuitunza faili hiyo ni gharama ndogo. Mzigo upo katika kuisafirisha mara 10,000, na mzigo huo haubebwi na mwenye modi wala na mpakuaji, bali na mwenye hifadhi. Ndiyo maana kwa miaka mingi kanuni za Dropbox ziliwawekea wenye akaunti zisizolipiwa kikomo cha gigabaiti 20 kwa siku kwa viungo vyao vyote. Kwa modi hiyo ya megabaiti 500, hao ni watu 40 tu. Wa 41 anakuta mlango umefungwa. Google Drive nayo humwambia mpakuaji kuwa faili imeshafunguliwa na watu wengi mno, ajaribu tena baadaye. Huduma hizi zilibuniwa kwa ajili ya nyaraka za ofisini na picha za familia. Kugawa faili kwa umati wa watu ni kazi nyingine.

Hata pale ambapo kikomo hakijafikiwa, kanuni hubadilika. Dropbox ilikuwa na folda ya hadharani iliyotumiwa na wengi kugawa faili. Machi 15, 2017, folda hiyo iligeuzwa kuwa ya faragha kwa wateja wasiolipa, na Septemba mosi mwaka huohuo zamu ya wanaolipa ikafika. Viungo vyote vilivyokwishasambazwa vikafa. Septemba 2021 Google ilibadili mfumo wa usalama wa viungo vya Drive, na baadhi ya faili za zamani zikaanza kumtaka mgeni aombe ruhusa kwa mwenye faili. Mwaka 2023 Discord ilitangaza kuwa viungo vya faili vinavyotumika nje ya mtandao wake vingeisha muda baada ya saa 24, na Desemba mwaka huohuo Google ilianza kutekeleza sera ya kufuta akaunti zisizoguswa kwa miaka miwili.

Uamuzi wa kila kampuni ulikuwa na sababu zake, hasa za usalama na gharama. Lakini kwa mtengeneza modi matokeo ni yaleyale. Maelezo yake bado yanasomwa, sifa bado zinatolewa, ila kiungo kikibonyezwa hakifunguki. Iwapo mwenyewe alishaacha kucheza au alipoteza nywila yake, basi kazi imezikwa akiwa hai.

Je, suluhisho ni kwenda kwenye hifadhi zilizoanzishwa kwa ajili ya michezo? Kwa kiasi kikubwa ndiyo, ingawa historia inatutaka tusiende huko kwa upofu. FileFront, iliyokuwa ghala maarufu la faili za michezo, ilitangaza kuwa ingefungwa mwishoni mwa Machi 2009, na ikanusurika baada ya waanzilishi wake kuinunua upya. Baadaye ikaitwa GameFront, na Aprili 30, 2016 ikafungwa, kabla ya kufufuliwa tena. RapidShare, ambayo haikuwa ya michezo lakini ilibeba modi nyingi, ilifunga milango Machi 31, 2015.

Hivi leo jina kubwa katika uwanja huu ni Nexus Mods, iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2001 na Robin Scott. Ubora wa mahali kama hapo ni kwamba upakuaji wa maelfu ya watu ndiyo biashara yake. Kila modi ina ukurasa wenye maelezo, matoleo ya zamani hutunzwa, na mwenye kazi hutambulika kwa jina.

Hata hivyo, wema huo una masharti. Mwaka 2021 Nexus Mods ilitangaza kuwa faili hazitafutwa tena kwa matakwa ya mtengenezaji bali zitawekwa kwenye kumbukumbu, na wasioafiki wakapewa hadi Agosti 5 ya mwaka huo kuomba faili zao zifutwe. Uongozi ulisema lengo ni kumlinda mchezaji anayetegemea modi nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja. Baadhi ya watengenezaji waliona wamenyang'anywa haki juu ya jasho lao, wakaondoka. Mwaka 2025 mwanzilishi wake alitangaza kuikabidhi kwa wamiliki wapya. Steam Workshop ya Valve, iliyoanza mwaka 2011, ni rahisi zaidi kwa mchezaji, lakini hutumika kwa michezo iliyoruhusiwa na watengenezaji wake ndani ya Steam. Aliye nje ya hapo hana lake.

Jambo la pili linalosahauliwa ni usalama wa anayepakua. Juni 2023 iligundulika kuwa wahalifu walikuwa wameteka akaunti kadhaa za watengenezaji wa modi za Minecraft katika tovuti za CurseForge na Bukkit, wakapachika ndani ya faili zao programu haribifu iliyopewa jina la fractureiser. Programu hiyo iliiba nywila na taarifa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta za Windows na Linux. Ikiwa hayo yalitokea katika tovuti kubwa yenye wakaguzi, itakuwaje kwa kiungo kilichotumwa kwenye kundi la simu na mtu asiyefahamika? Google yenyewe humtahadharisha mpakuaji kuwa faili kubwa kupita megabaiti 100 haikukaguliwa virusi, na modi nyingi zinazidi hapo.

Kinga ipo na haina gharama. Mtengenezaji anaweza kutangaza, pembeni mwa kiungo, alama ya utambulisho wa faili iitwayo SHA-256, ambayo ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutokana na faili yenyewe. Faili ikiguswa hata kidogo, alama hubadilika. Mpakuaji akikokotoa yake na kukuta zinatofautiana, anajua faili aliyonayo siyo ileile iliyotangazwa. Cha msingi ni kuitangaza alama hiyo mahali tofauti na ilipo faili, kwa kuwa aliyeiteka akaunti ya hifadhi anaweza kubadili vyote viwili.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi kuna hesabu nyingine, ya bando. Upakuaji ukikatika kwenye megabaiti 400 na ukalazimika kuanza upya, fedha imekwenda. Mega, iliyoanzishwa na Dotcom huyohuyo Januari 2013, mwaka mmoja baada ya Megaupload kufungwa, husifiwa kwa kusimba faili kiasi kwamba bila ufunguo hazisomeki. Lakini humwekea mgeni asiyelipa kikomo cha upakuaji kinachohesabiwa kwa anuani yake ya intaneti. Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anuani moja, hivyo mtu anaweza kukuta kikomo kimekwisha kabla hajapakua chochote. Anayewatengenezea wenzake wa huku modi hana budi kuzigawa faili kubwa katika vipande, na kuijaribu hifadhi kwa simu na bando la kawaida kabla ya kusambaza kiungo.

Aidha, hakuna hifadhi itakayomtetea aliyevunja hakimiliki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki za kidijitali huitaka hifadhi iondoe faili inapopokea malalamiko ya mwenye haki, na hifadhi nyingi zinazotumiwa huku ziko chini ya sheria hiyo. Modi iliyochukua gari kutoka mchezo mwingine au muziki wa msanii bila ridhaa huweza kuondolewa siku yoyote, na akaunti nzima ikaondoka nayo.

Sasa mtengenezaji achague nini? Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, atenganishe mambo matatu ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni nakala mama. Hiyo ikae mikononi mwake, kwenye diski mbili zisizokaa chumba kimoja, pamoja na faili za awali alizoanzia kazi. La pili ni duka la kugawia. Hapo achague tovuti ya modi inayohusika na mchezo wake, na kwa modi za programu anaweza kutumia sehemu ya matoleo ya GitHub, ambayo hupokea faili isiyozidi gigabaiti 2 bila kuweka kikomo cha upakuaji. Hifadhi kama Drive, Mega au MediaFire ibaki kuwa ghala la akiba. La tatu ni anuani. Asisambaze kiungo cha hifadhi moja kwa moja, bali ukurasa mmoja alio na mamlaka nao, unaoelekeza mahali faili ilipo. Hifadhi ikifa, atabadili mstari mmoja tu wa ukurasa huo, na wenzake hawatapotea njia.

Aidha, asome masharti ya hifadhi kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, hasa vipengele vitatu: akaunti ikikaa kimya kwa muda gani hufutwa, nani ana haki ya kuiondoa faili, na mwenye faili anaweza kuiondoa mwenyewe akitaka. Ni dakika kumi za kusoma kwa ajili ya kulinda kazi ya miezi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hifadhi ya bure ni nguo ya kuazima. Si vibaya kuivaa, na wengi wetu hatuna uwezo wa kushona nyingine. Ila yule mfanyabiashara wa Ohio hakwenda mahakamani kwa sababu alikosa gigabaiti. Alikwenda kwa sababu ufunguo wa ghala ulikuwa wa mtu mwingine, na siku mlango ulipofungwa hakuna aliyemuuliza.