Wateja wa Handeni wameshaingia mtandaoni, maduka bado

KAUNTA YA WIKI
Na Mwana Chanika

"Tunatuma mikoani." Maneno hayo yapo chini ya picha nyingi za viatu, vitenge na vyombo ambazo wafanyabiashara wa Kariakoo wanapandisha Instagram na kwenye stetasi za WhatsApp. Handeni ni mojawapo ya sehemu za huko mikoani. Mama wa Chanika, mjini Handeni, anaona mapazia, anauliza bei, anatuma pesa kwa simu pamoja na ya kutolea, kisha anasubiri kupigiwa na kondakta. Mzigo anaukuta stendi umefungwa ndani ya salfeti, umezungushiwa soloteipu, jina lake na namba ya simu vimeandikwa kwa maka peni. Akirudi nyumbani anapita mbele ya duka la mapazia la mtaani kwake. Mwenye duka anamsalimia, anamuuliza habari za watoto, wala hajui kwamba mauzo yake ya wiki hiyo yamempita yakiwa yamebebwa kichwani.

Ndiyo maana swali la lini duka la rejareja lianze kuuza mtandaoni si la kuwaachia watu wa Dar es Salaam. Lakini kukurupuka nako kuna gharama, na walioilipa ni wakubwa.

Jumia, kampuni ya mauzo ya mtandaoni iliyoanzia Lagos mwaka 2012, iliingia kwenye soko la hisa la New York Aprili 2019. Novemba mwaka huohuo ikafunga biashara yake Tanzania. Kenya nako Copia ilianza mwaka 2013 ikiwa na wazo zuri kweli: mwananchi wa kijijini aagize kupitia wakala, mara nyingi mwenye duka la jirani, hata kama hana simu janja, na mzigo uje hapohapo. Ilipata mawakala kwa maelfu na ikakusanya zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji. Mei 2024 ilikabidhiwa kwa wasimamizi, kwa sababu fedha mpya zilikosekana kabla biashara haijaweza kujilipa yenyewe. Kupeleka vifurushi vidogo kijiji hadi kijiji kwa gari lako mwenyewe ni kazi inayokula mtaji.

Mwenye duka wa Handeni hana mwekezaji wa kumfidia hasara. Alichonacho ni buti la basi ambalo litasafiri tu, liwe na mzigo wake au lisiwe nao. Na hapa ndipo Korogwe na Handeni zinapoachana. Korogwe imekaa juu ya barabara kuu, mabasi ya Dar es Salaam na Arusha yanapita mlangoni. Handeni imeingia ndani: kilomita 54 za lami kutoka Mkata, 65 kutoka Korogwe. Kifurushi cha Chanika kinachokwenda Moshi kikibadilishiwa gari Korogwe, panaongezeka nauli nyingine na mtu mwingine wa kupigiwa simu. Duka la Manundu, mjini Korogwe, linaweza kuanza mapema, hata na bidhaa za bei ya chini. Duka la Chanika lianze na kitu ambacho bei yake inabeba nauli, na ambacho mteja hakipati karibu na kwake. Asali ya Handeni ni kitu cha namna hiyo, mradi dumu lifungwe lisivuje. Sukari na sabuni hazina safari; kila duka la njiani linazo.

Dalili ya kwanza kuitazama ni oda ya mtu asiyeujua mlango wa duka. Jirani anayepiga simu awekewe kilo mbili za unga atakuja mwenyewe, huyo tumuache. Lakini mtu wa Kabuku aliyepewa namba na shemeji yake, akatumiwa picha, akalipa kabla hajaugusa mzigo, huyo tayari ni mteja wa mtandaoni, hata kama duka halina ukurasa wowote. Watu wa aina yake wakianza kupiga kila wiki, wakati umekaribia.

Umekaribia tu, kwa sababu kuna jambo la daftari. Duka ambalo mwenyewe hajui zimebaki jozi ngapi hadi apande kwenye shelfu si la kupokea pesa za mtu aliye mbali. Watanzania wamesumbuliwa miaka mingi na ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mteja aliyelipa kisha akaambiwa "hiyo imeisha, chukua rangi nyingine" hatofautishi uzembe na utapeli, na hana sababu ya kutofautisha. Pia lazima awepo mtu wa kujibu meseji saa nne usiku, maana ndipo wengi wanapokaa na simu zao.

Halafu kuna hii desturi ya "bei njoo inboksi". Safu hii inaipinga waziwazi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe na ampe mnunuzi taarifa za bidhaa na bei yake. Muungwana hahitaji kushurutishwa na sheria kwa hilo. Kwenye kaunta yake haambii mtu amfuate uani akanong'onezwe bei ya kanga.

Mwenye duka wa Chanika, Mkata au Manundu na aanze Jumatatu hii kuandika kila oda ya simu: nani, yuko wapi, alitaka nini, kilikuwepo au hakikuwepo. Oda za watu asiowafahamu zikifika tatu kwa wiki, mwezi mzima, na bidhaa zilikuwepo, afungue ukurasa. Aweke bei hadharani, na chini ya picha aandike: tunatuma Mkata, Kabuku, Segera na Korogwe.