Ufunguo wa Hoteli Uliomo Ndani ya Simu

Imekwisha pita miaka zaidi ya kumi tangu hoteli kubwa za Marekani zilipoanza kumwondolea mgeni ulazima wa kupokea ufunguo kwa karani. Starwood ilitangulia mwaka 2014, Hilton ikafuata mwaka 2015. Mgeni huiweka programu ya hoteli katika simujanja yake, hupewa namba ya chumba angali njiani, na afikapo huisogeza simu karibu na kitasa, mlango ukafunguka.

Sisi tunaotumwa safari za kikazi na mikoba yenye nyaraka hatuwezi kulipima jambo hili kwa wepesi wake tu. Wepesi upo, nao si haba. Kasoro ndogo nazo zipo: betri ikizimika saa nane za usiku, mgeni hurudi mapokezi kuomba kadi, mithili ya askari aliyesahau neno la siri langoni pa kambi.

Swali kubwa ni nani hasa aushikaye ufunguo huo. Ufunguo wa simu ni ruhusa itolewayo na mtambo wa hoteli, nacho kitasa huitii ruhusa pasipo kumtambua aliyeileta. Autawalaye mtambo ameitawala milango. Wadukuzi waliwahi kuiingilia hoteli ya Romantik Seehotel Jägerwirt huko Austria, wakauzima mtambo wa kutengenezea kadi za milango. Mwenye hoteli alilazimika kulipa bitkoini 2, kisha akanuia kurudia funguo za chuma.

Makubwa zaidi yalidhihirika Machi 2024. Watafiti walitangaza kwamba vitasa vya Saflok, vilivyokuwa katika milango zaidi ya milioni 3 ya nchi 131, vingeweza kufunguliwa kwa kadi mbili za kughushi, na kwamba hata simu ya Android ingeweza kuigiza kadi hizo. Basi simu ile ile imfaayo mgeni yaweza kumfaa mwizi. Komeo la kitasa lilikuwa likiachia pia. Mnyororo wa mlango ndio uliobaki kuwa kinga. Kiwanda kilikwisha anza marekebisho, lakini hadi mwezi huo ni asilimia 36 tu ya vitasa vilivyokuwa vimerekebishwa.

Kwa ndugu zetu wa polisi iko faida. Kitasa cha namna hii huweka kumbukumbu. Mahmoud al-Mabhouh alipouawa hotelini Dubai, Januari 2010, ni kitasa cha kadi kilichowafunulia polisi kwamba palikuwa na jaribio la kukipanga upya. Hata hivyo mpelelezi aangalie: kumbukumbu hutaja simu iliyopewa ruhusa, haitaji mkono ulioishika.

Kwa safari ya mapumziko hatuoni kizuizi. Kwa safari ya kikazi, afisa na achukue pia kadi ya akiba, afunge mnyororo usiku, na atokapo asiziache nyaraka chumbani, hata kwa muda wa kunywa chai.