Vichocheo vya bei nafuu: muda unatuponyoka

Seli ya methanoli hutoa umeme bila kuichoma alkoholi hiyo ya viwandani. Haina ngurumo wala moshi wa jenereta, na methanoli, tofauti na hidrojeni, hubebeka kwenye dumu. Ni sumu, naam, na inataka ulinzi mkali. Hata hivyo, kwa zahanati iliyo mbali na gridi, inayotegemea dizeli, si jambo la kupuuza.

Kikwazo ni platinamu, kichocheo cha seli hiyo. Methanoli ikivunjwa huacha monoksidi ya kaboni, ambayo hung'ang'ania metali hiyo na kuizuia kufanya kazi. Hivyo huongezwa rutheniamu, nayo ni ghali, na platinamu inayotumika huzidi ile ya seli za hidrojeni. Kwa gharama hizo, teknolojia hii haitafika kijijini kuwasha friji ya chanjo.

Mbadala ulianza kuonekana mwaka 1964, Raymond Jasinski alipoonyesha kwamba kampaundi ya kobalti yaweza kushika nafasi ya platinamu upande wa seli unaopokea oksijeni. Leo kinachotia matumaini zaidi ni chuma. Chumvi yake huchanganywa na kaboni na naitrojeni, ikaokwa kwa nyuzi 900 hivi katika tanuri lisilo na oksijeni, ukatoka unga mweusi mfano wa masizi ya sufuria. Unga huo una sifa ambayo platinamu haina: methanoli ikipenya utando unaotenganisha pande mbili za seli na kuufikia unga huo, hauhangaiki nayo. Tatizo ni kwamba huchakaa upesi kwenye asidi. Upande wa methanoli ni mgumu zaidi. Huko nikeli hufaa kwenye alkali tu.

Hapa ndipo kuchelewa kunapotugharimu. Kichocheo hakithibitishwi kwa hotuba. Kukijaribu kwa saa 5,000 mfululizo ni karibu miezi saba. Yapo majaribio ya kuharakisha uchakavu, lakini hayamalizi hoja ya mnunuzi anayetaka kuona mtambo umedumu. Taifa litakaloanza baada ya miaka kumi litakuta wenzake wameshamaliza saa hizo na hataza zimeshasajiliwa.

Tanzania ina nikeli Kabanga, chuma Liganga na gesi ya Mtwara inayoweza kuzalisha methanoli. Jirani yetu Kongo anaongoza duniani kwa kuchimba kobalti. Tukiendelea hivi, tutauza mawe kwa tani na kununua unga kwa gramu. Ahadi ya Afrika ya kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti ni ya tangu Mpango wa Lagos wa 1980, na bado haijatekelezwa.

Serikali itenge fungu la utafiti wa vichocheo hivi katika bajeti ijayo kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapewe mkataba usiopungua miaka mitano. Mradi wa mwaka mmoja huandikiwa ripoti ya mwisho kabla kichocheo hakijaanza kuchakaa.