Ikweta Ina Kibao, Zoni Yetu Haina

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshapita Kayabwe. Ukitoka huku kwetu kwenda Kampala, ukishaiacha Masaka, basi linafika mahali penye duara mbili nyeupe, moja kila upande wa barabara, zimeandikwa kwamba hapa ni ikweta. Bado kama kilomita 70 uingie Kampala. Watu wa dirishani wanatoa simu, wanapiga picha, basi halisimami. Sekunde tano tu, imekwisha. Mi nimepita hapo mara tatu bila kukanyaga chini, maana wanaosimama pale ni watalii wenye gari lao.

Safari ya nne, tukirudi kutoka mafunzo ya wajitolea, tairi lilipasuka karibu na hapo. Dereva akasema dakika arobaini. Basi nikatembea hadi kwenye duara, nikaweka mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, mwenzangu akanipiga picha. Ninayo mpaka leo.

Pale kuna vijana wanaoonyesha mambo ya maji. Wana mabeseni matatu yenye tundu, moja juu ya mstari, moja hatua chache kaskazini, moja hatua chache kusini. Wanamimina maji, wanaweka ua dogo juu. Upande huu ua linazunguka kulia, upande ule kushoto, katikati linashuka bila kuzunguka. Watu wanapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Nilipofika kambini nikawasimulia watoto wa klabu yetu ya jumamosi, nikawachorea na dunia kwenye ubao. Nilijiona mwalimu kabisa.

Baada ya wiki moja msichana wa miaka kumi na mbili akaniuliza, "Kaka, hatua chache tu zinatosha kubadilisha maji?" Nikakosa jibu. Nikaenda kusoma, halafu nikajaribu mwenyewe pale kwenye bomba na beseni na jani la muhogo. Mara kumi. Sita lilizunguka upande mmoja, nne upande wa pili, na sikuhama hata hatua moja.

Ukweli ni huu. Iko nguvu inayoitwa ya Coriolis, jina la Mfaransa aliyeieleza mwaka 1835. Inatokana na dunia kuzunguka, na inapindisha vitu vikubwa vinavyosafiri mbali, kama upepo wa bahari na vimbunga. Lakini kwenye ikweta yenyewe nguvu hiyo kwa vitu vinavyotembea juu ya ardhi ni sifuri, na hatua chache pembeni yake ni ndogo mno, haiwezi kuligusa beseni. Maji yanafuata jinsi mkono ulivyoyamimina. Siwalaumu wale vijana, wanatafuta chakula kama sisi. Lakini mimi nilisimama mbele ya watoto nikasema ni kweli, kwa hiyo nilirudi mbele yao nikasema nilikosea. Wakacheka sana. Yule msichana sasa ndiye kiongozi wa klabu.

Baada ya hapo nikabaki najiuliza, kama mambo ya maji si ya kweli, pale pana nini? Kuna majani, lami, na maduka ya vinyago. Mstari wenyewe haupo ardhini, wala mbuzi anayekula pale hajui kama amevuka. Kinachofanya mahali pale pawe mahali ni kibao. Wengine hata hukosea. Nchini Ecuador, Amerika ya Kusini, kuna mnara mkubwa wa ikweta, na vipimo vya GPS vinaonyesha mstari halisi uko mita kama 240 kutoka hapo. Watu bado wanaenda kupiga picha. Kenya wana vibao vyao, Nanyuki na Maseno. Lakini wenzetu wa Dadaab, ambao wako kilomita chache tu kutoka kwenye mstari huo, sijawahi kusikia mtalii amewaendea kwa ajili ya ikweta. Na wale wa kwetu waliotoka Butembo na Lubero wanajua barabara inayounganisha miji hiyo. Ikweta inapita katikati yake. Wameivuka na mizigo kichwani, wengine usiku, bila kujua kwamba mahali pengine watu wanalipia kuivuka.

Kuna mstari mwingine wa latitudo ambao nataka muufikirie. Mpaka wa Uganda na Tanzania, kuanzia Ziwa Victoria kwenda magharibi mpaka mto Kagera, unafuata digrii 1 kusini. Hakuna mlima pale, hakuna mto. Waingereza na Wajerumani waliukubali kwenye karatasi mwaka 1890, wakiwa Ulaya, kwa kutumia ramani. Oktoba 1978 wanajeshi wa Idi Amin waliuvuka, wakachukua ardhi iliyo kati ya mstari na mto, wakasema mpaka ni mto. Tanzania ikajibu, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Watu walikufa na wengine wakakimbia kwa sababu ya mstari ambao mbuzi hauoni.

Kutoka mstari wa ikweta hadi ule wa digrii 1 ni kilomita 111 tu. Kwenye ule wa kwanza hakuna aliyeniuliza karatasi. Kwenye ule wa pili, pale Mutukula, bila karatasi huendi popote. Wapo kati yetu waliopitia hapo wakitoka kambi za Tanzania, watawaambia. Yote miwili ni mistari ya kuchorwa. Tofauti ni nani aliyewekwa kusimama juu yake, muuza vinyago au askari.

Sasa nije kwetu, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Hesabuni vibao vilivyo kambini. Kipo cha choo kilichojengwa na mfadhili fulani, kipo cha tangi la maji, cha mradi wa kuku uliokwisha zamani, cha mafunzo ya ushonaji ambayo cherehani zake hazipo tena. Kila kibao kinasema nani alitoa pesa. Hakuna hata kimoja kinachosema hapa ni wapi.

Mwezi wa tatu jirani yangu alishikwa na uchungu saa nne za usiku. Mume wake akapiga simu, gari likaondoka. Dereva akauliza, "Mko wapi?" Akaambiwa, "Pita tangi bovu, ukifika kwenye mwembe, kata kushoto." Mwembe ulikuwa umekatwa kuni. Matangi mabovu tunayo manne. Mimi nilitoka na tochi, nikapiga kelele barabarani, gari likapita njia ya chini, likarudi, likapita tena. Mtoto alizaliwa kwenye mkeka kando ya njia, mikononi mwa mama mmoja mzee wa zoni yetu. Namshukuru Mungu wote wawili wako hai. Dereva hakuwa na kosa, alikuwa analia kama sisi. Lakini siku nyingine hatutabahatika hivyo, na wote tunajua.

Pendekezo langu ni dogo. Tuweke vibao vyetu kwenye njia panda. Kila kibao kiwe na jina la zoni, namba ya njia panda, na latitudo na longitudo. Basi. Watu watauliza, namba za nini wakati mama zetu hawazisomi? Sawa, mama atasoma jina na namba kubwa, "Njia panda 7." Lakini dereva, nesi na mfanyakazi wa shirika wana simu yenye ramani, na hao wanabadilika kila mwaka. Mradi ukiisha tangi linapakwa rangi nyingine, mti unakatwa, wafanyakazi wapya hawajui majina yetu. Digrii hazibadiliki.

Kazi yenyewe tunaiweza. GPS ya simu inapokea kutoka satelaiti, haihitaji bando. Simama mahali pa wazi, subiri dakika chache itulie, andika tarakimu nne baada ya nukta. Tarakimu ya nne ni kama mita 11, inatosha kufika mlangoni. Rudia siku tatu tofauti, mkiwa wawili, mlinganishe. Na msisahau kusini! Sisi tuko chini ya ikweta, kwa hiyo namba ina alama ya kutoa au herufi S. Ukiwa digrii 0.7 kusini ukaisahau alama hiyo, umeihamisha nyumba yako zaidi ya kilomita 150 kaskazini, na gari litakutafuta huko.

Nililisema hili kwenye mkutano wa zoni. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, ambaye ameishi kambini kabla mimi sijazaliwa, akasimama. Akasema, "Mwanangu, kibao ni cha mtu anayekaa. Sisi tunapita. Ukishaandika hapa ni kwetu, umekubali." Watu wakanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Sikuwa na haraka ya kumjibu, kwa sababu baba yangu alisema maneno kama hayo mpaka akafa, na kaburi lake liko hapa, halina alama.

Mama mwingine akasema jambo zito zaidi: wapo waliokimbia watu, na hawataki kupatikana. Huyo ana haki kabisa. Ndiyo maana nasema njia panda, si nyumba. Hakuna jina la mtu, hakuna kabila, hakuna namba ya familia. Na zoni ikikataa, tusiweke.

Lakini kwa mzee nimepata jibu langu baada ya kufikiri muda mrefu, na ninaliandika hapa kwa heshima. Mzee, nilipokuwa Kayabwe dakika arobaini zile, sikuona mtu hata mmoja aliyekuwa anakaa kwenye mstari. Hata wauza vinyago jioni wanarudi kwao. Kila aliyesimama kwenye duara alikuwa anapita. Mtu anayekaa mahali miaka yote hahitaji kibao, anajua njia gizani. Kibao kinawekwa kwa ajili ya anayepita, na anayekuja kumtafuta anayepita. Kusema niko hapa leo si kusema sitarudi nyumbani. Siku nikirudi, nitataka niweze kumwonyesha mwanangu mahali baba yangu alipolala, na sitaki nimwambie, kulikuwa na mwembe.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, hatuombi mradi. Mkija na mradi mtataka nembo, na kibao kitakuwa kama vile vingine. Tunaomba mambo mawili. Tusaidieni ofisi ya kambi itupe ruhusa. Na zile mbao za miradi iliyokwisha, tupeni tuzipindue, upande wa nyuma ni safi.

Vijana, watoto wa klabu wameshapima njia panda tatu. Yule msichana ndiye anayeshika daftari, na ameshanirudisha mara mbili kwa sababu nilisahau kuandika S. Jumamosi tunaanzia kwenye bomba. Mwenye rangi nyeusi na brashi aje. Asiye na kitu aje na macho, tunahitaji wa kuhakiki.

Yule mtoto aliyezaliwa njiani sasa anakaa mwenyewe kwenye mkeka. Njia panda iliyo karibu na alipozaliwa itakuwa namba 1.