Hospitali ni Yetu, Lakini Nani Ameketi Kwenye Kamati?

Nikuulize kitu kabla hujasukuma skrini kwenda stori nyingine. Chukua kituo cha afya cha umma kilicho karibu na kwenu. Nitajie mwenyekiti wa kamati yake ni nani.

Simaanishi daktari. Simaanishi yule nesi mkali wa dirisha la dawa. Namaanisha mkazi kama wewe, ambaye anafaa kuwa mezani pesa za kituo zikipangwa.

Hujui, sivyo? Hata mimi sikuwa najua, na nimekulia hapa Lanet. Namjua MCA wetu. Nawajua makanga wa matatu za tao kwa majina yao ya utani. Namjua mwenye ploti hata akipiga simu na namba ngeni. Lakini mtu wa kamati ya hospitali? Wapi!

Usiku ule bila taa

Mwaka jana, saa nane usiku, jirani yetu wa nyumba ya tatu alishikwa na uchungu wa kujifungua. Mumewe alikuwa safarini. Tulimpeleka kwa boda, mimi nikiwa nyuma nimemshika mabegani, hadi kituo kimoja cha umma. Sitakitaja, maana shida niliyoiona pale iko mahali pengi.

Nesi alikuwepo. Kitanda kilikuwepo. Lakini stima ilikuwa imepotea tangu jioni, na betri ya taa ya sola ya chumba cha kujifungulia ilikuwa imekufa wiki kadhaa kabla. Nesi mwenyewe alionekana amechoka kuomba hiyo betri. Alimpima jirani kwa mwanga wa simu, akatuambia bado kuna muda, akampigia dereva wa teksi anayemjua, tukaenda tao. Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, na wote wawili wako salama. Teksi ilikula doh ya rent.

Kesho yake nilipita pale. Lango lilikuwa limepakwa rangi mpya, bado inanuka.

Swali likanishika hapo na halijaniachilia: nani aliketi akaamua lango kwanza, taa baadaye? Inawezekana hakuna aliyeiba hata ndururu. Inawezekana tu aliyeamua hajawahi kuhitaji chumba kile saa nane usiku.

Nilirudi kuuliza mara tatu. Mara ya tatu nikapata jibu: kamati ya wakazi ilimaliza muda wake, na hakuna aliyeitisha nyingine. Kwa hivyo meza ilikuwa wazi upande wetu, na maamuzi yalikuwa yanafanywa hivyo hivyo. Sisi tulikuwa tunalalamika kwa WhatsApp.

Pesa zimezunguka, na kiti pia

Kama ulidhani hii ni siasa ya juzi, ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Mwaka 1989 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada kwenye hospitali za umma. Wazazi wetu waliita "kosti sheringi". Wazo lilikuwa kwamba asilimia 75 ya pesa hizo ibaki hospitalini palipokusanywa, na asilimia 25 iende kwa huduma za afya za msingi wilayani. Ada iliwaumiza maskini, hilo lilijulikana mapema, lakini angalau hospitali ilijua pesa zake ziko wapi.

Miaka ya 2000 kule Pwani kulijaribiwa kitu kingine: kutuma pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, zikasimamiwa na kamati yenye wakazi ndani. Mwaka 2010 mpango kama huo ukasambazwa nchini kupitia hazina iliyoitwa HSSF. Waliochunguza majaribio ya Pwani walikuta pesa zimesaidia kweli. Walikuta pia kwamba wakazi wengi hawakuwa na habari kuwa pesa hizo zipo. Kamati ilikuwepo, pesa zilikuwepo, mwananchi hakuwa na fununu. Unaona tunakoelekea?

Kisha ugatuzi ukaja. Katiba ya 2010 iliweka hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati chini ya kaunti, na zile za rufaa za kitaifa kama Kenyatta zikabaki kwa serikali kuu. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu: mamlaka yametoka Nairobi yamekuja nyumbani. Lakini tangu 2013, katika kaunti nyingi, pesa ambazo hospitali ilikusanya zilikuwa zinaenda kwenye akaunti kuu ya mapato ya kaunti. Hospitali ikihitaji glavu au dizeli ya jenereta, inaandika barua na kungoja. Mamlaka yalitoka Nairobi, sawa, ila yalishukia ofisi za makao makuu ya kaunti na mengi yakaishia hapo hapo. Hayakufika Lanet wala Mbaruk.

Oktoba 2023 sheria ikabadilika tena. Ile siku ambayo Rais alitia saini sheria ya bima mpya ya afya, iliyotuletea SHA na makato ya asilimia 2.75, alitia saini nyingine ambayo haikupigiwa kelele: Sheria ya Ufadhili wa Kuboresha Vituo vya Afya ya 2023. Wenye kazi huiita FIF. Inasema pesa ambazo kituo kinapata zibaki kwa kituo hicho. Inasema pesa hizo ni za kuongezea bajeti ya kaunti, kwa hivyo kaunti haiwezi kusema "nyinyi mna zenu" halafu ipunguze mgao. Na inataka usimamizi uwe na kamati ambamo wakazi wana nafasi.

Soma hayo tena polepole. Pesa zinarudi kituoni. Hiyo inamaanisha kiti cha mkazi kwenye kamati, kile ambacho hakuna mtu alikuwa anakitaka, sasa kina uzito. Na kitu chenye uzito hakikosi wa kukikalia. Usipokaa wewe, atakaa mpwa wa mtu.

Somo la War Memorial

Wewe ukiwa wa Nakuru hukukosa stori ya War Memorial. Mwishoni mwa 2023 mvutano ulilipuka. Serikali ya kaunti ilisema muda wa kukodisha ardhi umeisha na mali ni ya umma. Wasimamizi wa hospitali wakasema wako pale kihalali. Milango ikafungwa, kesi zikaenda kortini, na wagonjwa wakatafuta kwingine.

Nani ana haki pale, hiyo ni kazi ya majaji. Mimi kilichonishika ni kitu kimoja. Upande huu kulikuwa na gavana na mawakili. Upande ule wasimamizi na mawakili. Neno "umma" lilitajwa kila siku kwenye habari, lakini umma wenyewe, yaani wewe na mimi na yule mzee anayehitaji kusafishwa damu, tulikuwa tunafuatilia kwa simu kama mechi.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Hospitali kuandikwa "ya umma" kwenye karatasi hakukupi sauti ndani yake. Sauti inatoka kwa kiti, na kwa watu wanaomuuliza aliyeketi kwenye kiti alifanya nini.

Najua unachotaka kusema

Utasema, "Buda, hizo kamati zinajazwa watu wa MCA." Mara nyingi ni kweli. Lakini zinajazwa vipi? Tangazo linabandikwa ukutani kwa ofisi ya chifu, baraza linaitishwa siku ya kazi asubuhi, wanakuja watu wachache wanaojuana, na saa sita kila mtu yuko nyumbani. Hakuna haja ya kuiba uchaguzi ambao wapinzani hawakuja.

Utasema pia, "Mambo ya hospitali waachie madaktari." Dawa na dozi, ndiyo, waachie. Sitaki kamati impigie kura appendix yangu. Lakini lango au betri? Tangi la maji au kiti cha meneja? Dirisha la dawa lifungwe saa kumi au saa mbili usiku? Hayo hayahitaji digrii. Yanahitaji mtu anayetumia kituo hicho. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda familia, na bado naweza kujumlisha risiti.

Na usidhani hii ni vita na wahudumu. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Ukiongea na nesi wa kituo chochote cha mtaani atakueleza upungufu wa vifaa kuliko utakavyoeleza wewe. Yule nesi wa usiku ule alikuwa upande wetu. Alichokosa ni watu wa nje wa kumsaidia kupiga kelele, kwa sababu yeye akipiga peke yake anahamishwa.

La tatu ndilo gumu zaidi: "Sina time." Nakuelewa. Uko mjengo, uko dukani, uko kwa boda, ukikosa siku moja umekosa chakula. Ndiyo maana sikuambii uende peke yako kila siku. Nakuambia muwe wanne au watano, mpeane zamu.

Basi fanya hivi

Kwanza, uliza majina. Nenda kituoni au kwa chifu, uliza kamati ni akina nani, muda wao unaisha lini, na walikutana lini mara ya mwisho. Maswali matatu tu. Utashangaa jinsi watu wanavyoanza kukaa wima.

Pili, wakikuzungusha, andika barua. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi lako unaweza kuliandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, na kuliwasilisha ni bure. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukupa uamuzi. Kama habari unayotaka inahusu maisha ya mtu au uhuru wake, ni saa 48. Wakikunyima, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman. Huhitaji wakili. Unahitaji karatasi, tarehe, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hiyo nakala itunze kama kitambulisho.

Tatu, soma ripoti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hospitali za Level 4 na Level 5, kila moja na ripoti yake, na zinawekwa mtandaoni. Tafuta ya hospitali yako. Ni chache kurasa kuliko vichekesho ulivyoscroll leo asubuhi.

Nne, jua kalenda. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufika Aprili 30, na mwaka wa pesa huanza Julai 1. Ukija kulia mwezi wa Julai, keki ilishakatwa. Katiba, kifungu cha 201, inataka ushiriki wa umma katika mambo ya fedha, kwa hivyo mikutano hiyo si fadhila ya mtu.

Tano, nenda barazani siku ya kuchagua kamati, na mwende na jina la mtu wenu. Si lazima awe kijana. Awe mtu anayetumia kituo hicho na haogopi kuuliza.

Sisi tulifanya hivyo. Tulikuwa wanne, na barua yetu ya Kiswahili tuliiandika kwa meza ya kibanda cha chai. Baraza liliitishwa Jumanne asubuhi. Mmoja wetu alipoteza siku ya mjengo, tukamchangia. Kati ya watu kama arobaini waliokuja, sisi tu ndio tulikuwa chini ya miaka thelathini, na mzee mmoja alituuliza kama tumelipwa na mwanasiasa. Hakuna kijana aliyechaguliwa. Alipita mwalimu mstaafu ambaye mkewe huchukua dawa za presha pale kila mwezi, na sisi ndio tulimpigia debe.

Swali lake la kwanza kwenye mkutano lilikuwa betri.

Imebadilishwa. Dawa bado huisha kabla ya mwezi kuisha, foleni bado ni ndefu, na kuna barua yetu ya pili ambayo bado tunahesabu siku zake. Lakini jirani anaposimulia watu vile mtoto wake alizaliwa, huwa anamalizia kwa kusema siku hizi pale kuna taa.

Sasa rudi kwa swali langu la mwanzo. Kesho ukipita pale kituoni kwenu, uliza jina la mwenyekiti.