Tusiwazike walio hai

Ndege ndogo inapoanguka porini, habari ya vifo hufika mjini kabla mtu yeyote hajafika kwenye mabaki.

Januari 23, 1954, karibu na maporomoko ya Murchison, ng'ambo ya Nile kutoka kwetu, Cessna iliyombeba mwandishi Ernest Hemingway iligonga waya wa zamani wa telegrafu ikaanguka vichakani. Rubani wa ndege nyingine aliyaona mabaki kutoka angani, hakuona mtu. Magazeti yakatangaza msiba. Kumbe wote watatu walikuwa hai! Walilala porini, kesho yake boti ikawapeleka Butiaba.

Sisi tuliorudi Ombaci tunaujua uchungu huo. Wengine tulifanyiwa matanga nyumbani tukiwa wazima, tunasoma Zaire.

Wafanyabiashara wa mpakani, ninyi hupita njia ambazo polisi huchelewa kufika. Mkiona ndege imeanguka, msipige simu kutangaza maiti. Waarifuni polisi, mtaje mahali. Zimeni sigara, maana mafuta hushika moto. Kisha iteni kwa sauti pembeni mwa mabaki. Aliyenusurika huenda amejivuta hadi kivulini.

Matanga yanaweza kungoja. Majeruhi hawezi.